Baba Mkwe na Gari Lililokataa Kutulia

Baba mkwe alikuja kukaa nasi Mugutha wakati gari letu lilikuwa limeanza tabia ya kunguruma likiwa limesimama. Alitoka shambani kwake upande wa Gatanga kwa sababu ya macho. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na Jumatatu alitakiwa kliniki Thika akafanyiwe upasuaji. Mimi ndiye ningempeleka. Katika miaka yote niliyoishi na binti yake, sidhani tuliwahi kuzungumza zaidi ya habari ya mvua na habari ya ng'ombe. Tuliheshimiana sana, na heshima hiyo ilikuwa imetukausha midomo.

Gari lenyewe ni dogo, otomatiki, na umri wake haupishani sana na wa mke wangu, ingawa hilo silisemi nyumbani. Asubuhi likiwa baridi huanza kwa mngurumo wa juu, na hiyo ni kawaida yake. Injini ikishapata moto hushuka lenyewe na kutulia. Sasa lilikuwa halishuki. Nilikuwa nikiendesha kutoka kazini Eneo la Viwanda hadi nyumbani, injini ina moto kabisa, na bado mshale wa mizunguko ya injini unakaa juu kama vile nimekanyaga mafuta. Nikilegeza breki kidogo kwenye foleni ya Ruiru, linachomoka kama mbuzi aliyeona mahindi ya jirani.

Jumapili, siku moja kabla ya kliniki, tuliposimama nje ya kanisa, mzee mmoja wa kanisa aliinama dirishani akauliza kwa upole kama tuna haraka ya kwenda mahali.

"Hatuna," mke wangu akamjibu. "Ni gari ndiyo iko na haraka."

Kwenye kiti cha nyuma baba mkwe akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Baada ya chakula cha mchana nilivua shati la kanisa nikafungua boneti. Muda si muda nikasikia kigoda kikiburutwa juu ya kokoto. Alikuwa amekuja kukaa karibu, na kofia yake, na koti lake.

"Hiyo ni kabureta," akasema. Aliwahi kuendesha lori la kubeba kahawa kwa miaka mingi, kwa hivyo alisema kama mtu aliyemaliza kazi.

"Hii haina kabureta, baba. Kuna kompyuta ndogo inapima petroli, halafu inapulizwa ndani."

Akalifikiria hilo. "Basi muangalie mahali hiyo kompyuta imeficha kabureta."

Fundi mmoja wa Ruiru alikuwa ameshauri tukaze skrubu fulani ili mngurumo ushuke. Nilikataa, kwa sababu skrubu hiyo haikuwa imeguswa na mtu, na sikuona ingeharibikaje yenyewe. Mimi nilikuwa na wazo langu: kuna mpira wa kupitisha hewa uliopasuka unaovuta hewa ya wizi. Basi nikaiwasha injini, nikachukua koleo, nikawa nabana mipira myembamba mmoja baada ya mwingine huku nikitega sikio. Mmoja ulikuwa na ufa kweli. Nilikata ncha yake, nikaurudisha, nikasimama wima kama mshindi. Gari likaendelea kunguruma vilevile.

"Bado," akasema baba mkwe.

"Bado," nikakubali.

Nikaangalia waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, haukuwa umebana. Nikasafisha mdomo wa kuingizia hewa hadi kitambaa cha jikoni kikawa cheusi, na mke wangu akakitambua kutoka dirishani. Injini ikapata moto tena, mshale ukabaki palepale juu. Nilianza kufikiria kumpeleka mzee hospitali kwa teksi.

Wakati huo alikuwa ameinuka kutazama, na kwa kuwa jicho halikumsaidia, alitanguliza mkono. Kiganja kikatua juu ya mpira mdogo wa maji karibu na ile sehemu ya kuingizia hewa. Nilimshika kiwiko upesi nikidhani ameungua.

Hakuutoa mkono. "Atiriri," akaniita kwa lugha ya kwao nimsikilize, "huu mbona ni baridi?"

Nikaugusa mimi. Ulikuwa baridi kama bomba la uani. Mpira mkubwa wa rediator, shibiri moja tu pembeni, haukushikika kwa moto.

Hapo ndipo jambo lilipojipanga kichwani mwangu. Kwenye magari ya aina hii kuna kivalvu kinachoingiza hewa ya ziada injini ikiwa baridi, na kinajua injini imepata moto kwa sababu maji ya moto hupita ndani yake kupitia mpira ule mdogo. Maji yasipofika, chenyewe kinadhani ni alfajiri. Na si muda mrefu uliokuwa umepita tangu mpira wa rediator ubadilishwe kando ya barabara ya Thika, mvua ikitunyeshea, maji yakamiminwa harakaharaka na kifuniko kikafungwa. Hewa ilikuwa imebaki ndani, imekaa njiani ikiyazuia maji.

"Fungua rediator tuongeze maji," akasema, na mkono wake tayari ulikuwa unaelekea kwenye kifuniko.

"Hapana, baba. Mpaka ipoe."

Sikuwa nimewahi kumkatalia kitu. Aliurudisha mkono, nami nikaanza kutafuta namna ya kuomba msamaha. Kisha akakunja mkono wa koti polepole akanionyesha kovu refu, laini, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. "Lori," akasema. "Mimi sikungoja ipoe."

Tukangoja pamoja kwa chai. Alinisimulia habari za lile lori, na mwanamke aliyemkimbiza hospitali siku hiyo akiwa amemfunga mkono kwa leso yake. Ndiye aliyekuja kuwa mama mkwe wangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hata yeye hakuwa akiijua hadithi hiyo.

Injini ilipopoa nilisogeza gari hadi pua ikaelekea juu kwenye mwinuko wa geti ili hewa ipande, nikafungua kifuniko, nikajaza maji, nikawasha. Viputo vikaanza kutoka kama uji unaochemka. Maji yakashuka, tukaongeza, yakashuka tena. Baba mkwe aliushikilia ule mpira mdogo kama daktari anayeshika mshipa.

"Umeanza kuwa vuguvugu," akasema. Halafu, "Sasa ni moto," akautoa mkono.

Mngurumo ukaanza kushuka, taratibu, ukashuka tena, hadi tukasikia kuku wa jirani. Mke wangu akatoka. "Mbona mmezima?"

"Haijazimwa," baba yake akamwambia. "Njoo uguse."

Jumatatu tulienda Thika kimyakimya, yaani gari ndilo lililokuwa kimya. Mzee alizungumza njia nzima. Kliniki, muuguzi aliyekuwa akimtayarisha alimwuliza aliyekuja naye ni nani.

"Ni kijana wangu," akasema. "Yeye hutengeneza magari."

Mimi hukagua mikebe kwenye kiwanda cha nanasi. Kabla sijalieleza hilo, muuguzi akanigeukia na kuniambia kwamba gari lake pia lina shida, hutetemeka kila asubuhi. Baba mkwe alikuwa amelala chali, jicho likitiwa dawa.

"Mwambie aanze kwa kugusa mipira," akasema.