Usiku Mama Alipopanda Jukwaani Kumfuta Jasho Mkorea

Mikono ya mama yangu ilinuka nywele za bandia zilizochovywa kwenye maji ya moto. Ni harufu ya plastiki na mvuke, na mafuta ya nazi kwa mbali, na haikutoka hata alipoisugua kwa ndimu. Alikuwa msusi hapa Johannesburg, mtaa wa Yeoville, kwenye saluni ya chumba kimoja aliyochangia na wanawake wengine watatu kutoka Kongo, anasimama tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Majira ya baridi ya mwaka niliokuwa darasa la saba harufu hiyo ilinifuata hadi shuleni, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunga skafu shingoni kila alfajiri, nami nikishapita kona ya kwanza naivua na kuikung'uta hewani mpaka mkono unachoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa na roho mbaya. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Shule yenyewe nilisoma kwa ufadhili, katikati ya wasichana walioletwa kwa magari na kupokelewa kwa magari. Rafiki yangu alikuwa Refilwe, na kusema kweli sikuwa na mwingine. Nilimwambia kwamba mama yangu ni muuguzi katika hospitali kubwa, tena wa zamu za usiku, ndiyo maana haonekani kwenye mikutano ya wazazi. Uongo huo niliulisha ukanenepa. Niliupa wodi, nikaupa sare nyeupe na saa ya kubandika kifuani, na siku moja nikaupa hata mgonjwa aliyefufuka mikononi mwake. Barua za mikutano nilizichana vipande vipande na kuzitupa kwenye mtaro kabla sijafika nyumbani. Mama alikuwa akishangaa, "Hii shule yenu haiiti wazazi hata siku moja?" Nami namjibu kwa dharau kwamba shule za maana hazisumbui watu.

Mwezi wa saba wakaja Wakorea. Picha zao zilibandikwa kwenye kila nguzo ya mtaa wa Braamfontein: wapishi wanne wenye kofia ndefu, visu juu, midomo wazi, kabichi zinaruka. Lilikuwa onyesho la vichekesho lisilo na maneno, watu wanapiga ngoma kwa visu, sufuria, ndoo na mbao za kukatia mboga, na shuleni hakukuwa na habari nyingine. Mtu ambaye hajaliona alikuwa si mtu. Mama yake Refilwe alipewa tiketi nne ofisini kwake, akanitumia mbili na ujumbe kwamba mama yangu aombe ruhusa hospitali aje, kwani ana hamu kubwa ya kumfahamu. Tiketi ya pili nilipaswa kuitia mtaroni pamoja na zile barua. Ila mama aliipata kwenye begi langu alipokuwa akitafuta soksi za kufua, akapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia ghorofa mbili juu.

Mama alipenda ngoma kuliko chakula. Kanisani kwetu, ukumbi wa kukodi wenye madirisha yaliyovunjika, kulikuwa na desturi tuliyotoka nayo kwetu Uvira, Kongo: mpiga ngoma akipandwa na moto, akaanza kulowa, kina mama wanainuka na vitambaa vya mkono, wanakwenda mbele wakicheza taratibu na kumfuta jasho usoni, shingoni, wengine wanampepea. Hakuna anayewaita wala anayewaruhusu. Mama alikuwa wa kwanza kila Jumapili. Alikuwa na kitambaa maalumu cheupe alichokitarizi maua mwenyewe pembeni, hakikugusa kitu kingine. Nilimuuliza siku moja kwa nini lazima awe yeye, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Mtu anakupigia ngoma mpaka analowa, wewe umekaa unamtazama tu? Hiyo ni roho ya namna gani?"

Basi wiki nzima nilipanga vita. Lengo langu lilikuwa moja, usiku ule upite na mama Refilwe asijue kwamba mwanamke huyu ndiye mama yangu. Nilimpa mama masharti: asivae kitenge, asiseme na mtu, asiniite kwa sauti. Nilimwambia kwamba watu wa kumbi zile hawapendi kelele. Hakujua chochote kuhusu muuguzi wala wodi. Alicheka akanikunjia goti kidogo kwa mzaha, "Sawa, bibi mkubwa," kisha akaazima koti la kijivu kwa mwenzake wa saluni, likambana mabegani. Siku yenyewe nilijifungia bafuni nusu saa nzima nikijifanya tumbo linaniuma, ili tuchelewe, taa zizimwe, tusisalimiane na mtu. Kwenye taksi mama alihangaika kila robot ya barabarani ilipotuzuia kwa taa nyekundu, anamwambia dereva, "Eish, baba, tafadhali, wataanza bila sisi!" Mimi kimoyomoyo naomba nyekundu nyingine.

Mpango ukafaulu. Tuliingia gizani, tukapenya hadi viti vyetu nyuma ya Refilwe na mama yake, nao wakageuka wakapunga mkono tu. Kutoka nilikuwa nimepanga pia: dakika za mwisho ningemvuta mama nje, kesho niseme aliitwa kazini ghafla.

Na onyesho lenyewe, jamani, sijawahi kuona kitu kilichosifiwa bure kama kile. Wapishi walikatakata, wakagonga sufuria, mmoja akampiga mwenzake kikaango kichwani, ukumbi ukaangua kicheko. Wakagonga tena, akampiga tena, wakacheka tena. Hadithi ilikuwa kwamba meneja anataka chakula cha harusi kiwe tayari upesi, basi, hakuna zaidi. Kelele zilinigonga meno. Kabichi zilikatwa kwa fujo, majani yakarushwa juu, yakakanyagwa, na mama akaninong'oneza kwa uchungu wa kweli, "Yesu wangu, Neema, kabichi nzima!" Nilimfinya paja anyamaze. Nikacheka kila Refilwe alipocheka, nikichungulia bega lake nijue ni wakati gani.

Karibu na mwisho mpishi mkuu, kijana mwembamba wa miaka kama ishirini na mitano, alibaki peke yake na mapipa matatu yaliyowambwa ngozi kama ngoma. Hapo ndipo nilipoisikia ngoma halisi kwa mara ya kwanza usiku ule. Alipiga mpaka mikono haionekani. Kofia ilimdondoka, nywele zikamganda usoni, jasho likamtiririka kidevuni likaanguka kwenye ngozi ya pipa na kuruka kama vumbi la maji kwenye mwanga. Nilisahau kila kitu. Nilipokumbuka kumwangalia mama, kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa kwenye ngazi za jukwaa. Koti la kijivu alikuwa amelivua, na ndani, kumbe, alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, cha manjano, chenye picha za taa. Alikwenda kama aendavyo kanisani, akicheza taratibu, mabega yanazunguka, kitambaa cheupe mkononi. Akamfikia kijana yule na kumfuta paji la uso, kisha mashavu, kisha shingo, kwa upole, huku akitikisa kichwa kumsifu. Kijana akasita. Kwa kitambo kidogo alimtazama mama usoni, na mpaka leo naamini alielewa. Halafu ukumbi ukacheka, naye akakumbuka kazi yake.

Aligeuka kwa watazamaji akatoa macho. Akachukua kile kitambaa, akapenga kamasi kwa mlio mrefu kama tarumbeta, akafutia kisu, akafutia kwapa, akakitupa kwenye pipa la maganda. Watu walipiga miguu chini. Mama alikuwa bado anatabasamu, akidhani labda ndivyo wanavyoshukuru kwao. Kijana akamvika sufuria kichwani ikamziba macho, akaanza kuigonga kwa miiko miwili, na wale wapishi wengine watatu wakatoka nyuma ya pazia kwa furaha, kila mmoja akagonga upande wake. Mama alinyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani. Sufuria ilipotolewa hakushuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la maganda, akainama, akaingiza mkono mpaka begani kutafuta kitambaa chake, na hapo ndipo ukumbi wote ulipokufa kwa kicheko. Mtu nyuma yangu alisema kwa Kiingereza kwamba huyo mwanamke ni mwigizaji wao, wamempanga, ona alivyo hodari. Refilwe alilia machozi. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote safu ile, nikajishika tumbo, ili pasiwe na mtu wa kufikiri kwamba yule kule juu ana uhusiano wowote na mimi.

Mhudumu mwenye tochi alimshusha mama kwa kumshika kiwiko. Makofi ya mwisho yakapigwa, taa zikawaka, nami nikawa bado nimeganda kwenye kiti, mpango wangu wa kutoka mapema umekufa. Mama alikuja kati ya viti, jani la kabichi kwenye nywele, kitambaa amekikunja ndani ya kiganja. Mama Refilwe alimtazama, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya, aliuliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa.

"Neema, ndiye mama yako huyu?"

Mtaani kwetu hakuna aliyelijua jina la mama alilopewa na wazazi wake. Saluni, kanisani, kwa mwenye kiduka cha spaza, popote, alikuwa Mama Neema, na alivyolipenda jina hilo mtu akimwita aligeuka kabla hajamaliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia na kununulia, lakini swali lile lilikuwa fupi, alilielewa. Nilimwona akisimama vizuri, akivuta kitenge chini, akitayarisha mkono wa kusalimia.

"Hapana," nikasema. "Mama yuko zamu. Huyu ni mfanyakazi wetu wa nyumbani. Alisisitiza kunisindikiza."

Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Mama Refilwe akauona, akadhani ni mkono wa kupokea, akautundikia koti lake, la Refilwe, na mkoba wa vitafunio, akamshukuru. Mama akavipokea. Alivipanga kwenye mkono wake mmoja mmoja ili visikunjamane. Tulitembea mpaka mahali pa magari, mimi na Refilwe mbele tumeshikana mikono tukigeza wapishi, mama yake kando yetu akicheka, na mama yangu hatua tatu nyuma na makoti ya watu. Njia nzima Refilwe alikuwa akimwiga alivyoinama kwenye pipa, nami nikamrekebisha, nikamwonyesha namna ya kuuingiza mkono vizuri zaidi.

Ndani ya taksi ya kurudi nilisubiri kofi, nilisubiri matusi, ningevipokea vyote kwa shukrani. Tulipofika alinipashia chai, akanifunika blanketi, na wakati anazima taa akasema bila hasira yoyote, "Ungeniambia mapema, ningevaa vizuri zaidi kama mfanyakazi. Lile koti lilikuwa linachanganya watu." Nikajifanya nimelala. Tangu siku ile hakunifunga tena skafu mlangoni. Tukitoka pamoja alibaki hatua tatu nyuma. Wiki mbili baadaye aliniletea sweta shuleni wakati wa baridi kali, na mlinzi wa geti akanieleza kwamba limeletwa na dada anayefanya kazi kwetu. Kanisani mpiga ngoma alilowa Jumapili baada ya Jumapili, wengine wakamfuta, mama amekaa. Refilwe, ambaye nilimuuza mama kwa ajili yake, alihamia Cape Town mwaka uliofuata na hakuniaga.

Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Sasa nina kazi nzuri ofisini Marshalltown, na tiketi za safu ya mbele naweza kununua nikitaka, ingawa nikisikia tu mlio wa kisu kwenye ubao natoka jikoni. Nimejaribu kuomba msamaha mara nyingi. Kila mara mama anashangaa, anauliza msamaha wa nini, na simwoni akiigiza. Nimempangishia nyumba yenye jua, kila Jumamosi nampeleka dukani, na njiani anabaki nyuma. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikisimama, anasimama, anajifanya anatazama dirisha la duka.

Jumamosi iliyopita tulikutana na mkuu wangu wa kazi karibu na rejista ya kulipia. Tukasalimiana, akamwangalia mama aliyekuwa amekumbatia mfuko wa unga, na kabla sijafungua kinywa mama akainamisha kichwa na kusema kwa Kiingereza chake, polepole, kila neno mahali pake, "Mimi namfanyia kazi." Yule bwana akatikisa kichwa kwa adabu, macho yake yakaondoka kwa mama yakarudi kwangu. Nikasema, "Ni mama yangu." Nikasema tena kwa sauti, watu wa foleni wakageuka. Bwana akacheka kidogo, hajui amwamini nani. Mama akanishika mkono kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, akanivuta karibu na kuninong'oneza kwa Kiswahili, kwa huruma, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyekamatwa akisema uongo.

"Usijisumbue, mwanangu. Nimeshamwambia."