Mvua ya Kibarazani

Siku hizi sukuma wiki naagiza kwa simu, naletewa mlangoni. Si uvivu. Kwenye rafu za mboga za duka letu hapa Katy, Texas, kuna mabomba membamba yanayopuliza maji kila baada ya dakika chache, majani yasinyauke. Kwanza unasikia "sss," kisha ukungu unashuka. Mara ya mwisho niliposikia mlio ule niliacha mboga, nikaacha na toroli lenye kuku na mchele, nikaenda kukaa kwenye gari. Mimi nesi, mtu mzima na akili zangu, nakimbizwa na sukuma wiki.

Mabomba kama yale niliyafunga mwenyewe kwenye kibaraza cha nyuma, mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka kwetu Mwingi. Alifika mwezi wa saba, jua limepamba moto. Ndani kulikuwa na esii ya kupoza hewa, lakini mama na esii hawakupatana hata siku moja. Alisema baridi ya mashine inaingia kwenye mifupa na haitoki, na kwamba mtu mzima haketi mchana kutwa madirisha yamefungwa kana kwamba ana surua. Kila nilipotoka kazini nilimkuta nje kitini, amejifunga leso mbili, anaangalia uzio wa jirani.

Basi nikaamua kumpelekea ubaridi huko huko nje. Wazo nililitoa Grand Prairie, kwenye nyumba ya rafiki tuliyokuwa tukifanyia chama cha kuchangiana nilipoishi upande ule wa Dallas. Kibaraza cha pale kilikuwa na mabomba hayo, na upepo mkavu wa alasiri uliyameza maji kabla hayajakugusa, ukabaki ubaridi mtupu. Tulikuwa tunagombania viti vya nje, jua la Agosti juu yetu.

Kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja, Mkongo wa Uvira tunayehudumia naye wazee. Akaacha kukunja shuka.

"Dada, huku si Dallas. Hewa ya huku iko na maji tayari. Ile maji yako itaenda wapi? Utamupika mama."

Nilicheka. Nikamwambia mama yangu amezaliwa juani, hili la Texas litamfanya nini. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limezibwa na kiburi cha miaka kumi na tano ya unesi.

Nikayafunga kibarazani, na kosa halikuishia hapo. Upepo ulikuwa unaupeperusha ukungu kwa jirani, nikaona hasara. Nikatundika turubai pande tatu, nikidhani nafungia ubaridi ndani. Mama mwenyewe alitufukiza utotoni, mafua yakitushika, chini ya blanketi na sufuria ya muarobaini. Nilijua vizuri hewa ya chini ya blanketi lile ilivyokuwa. Sijui ujuzi huo ulienda wapi siku hiyo.

Nilipofungua maji mara ya kwanza, kabla ya turubai, mama alisimama, akainua uso, akafumba macho. Kwetu mvua huja inapotaka, na miaka mingine haiji kabisa. "Mwanangu," akasema kwa Kikamba, "umeniletea mvua." Akatema mate kidogo kiganjani, akanipaka kwenye paji la uso, kama wazee wa kwetu wanavyobariki. Nilitembea na baraka ile siku nzima bila kunawa uso.

Tangu hapo, kila siku saa tisa mabomba yalijiwasha yenyewe. Nilikuwa nampigia mama nikiwa kwenye foleni ya magari, "Mama, kuko aje?" Naye, "Kuzuri. Mvua inanyesha." Nilisikia ule mlio nyuma ya sauti yake nikajisifu.

Wiki ya tatu nilifika saa kumi na moja, nikafunua turubai, mvuke ukanipiga usoni. Mama alikuwa kitini, leso zimeloa na kumganda, ngozi yake inawaka moto. Macho yalikuwa wazi.

"Mama," akaniambia, akidhani mimi ni marehemu bibi, mama yake, "mbuzi wameingia wote?"

Nikamwambia wameingia. Nilijibu kwanza, ndipo nikamshika. Nikamvuta ndani kwenye ile esii aliyoichukia, nikamwekea barafu kwapani, nikaita gari la wagonjwa. Alikaa hospitalini siku nne, na hakunitambua tena hadi alipofariki.

Nyumbani Mwingi nikawaambia ni moyo. Si uongo kabisa, moyo wa kila mtu husimama mwishowe. Mdogo wangu, aliyekuwa akiishi na mama kule Mwingi, alilia kwenye simu akisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina. Turubai nikalitupa. Mabomba niliyafungia maji, lakini kuyang'oa kukanishinda. Alasiri zikitulia bado nayasikia. Natoka kuangalia, saruji ni kavu. Siku moja nilijikuta nimesimama pale nikiuliza kwa sauti, "Mama, kuko aje?"

Mwaka huu mdogo wangu akaja. Akataka tukae pale alipokuwa akikaa mama. Nilikuwa nimeapa kumwambia ukweli kabla hajarudi, na nilikuwa naogopa, kwa sababu tumezaliwa wawili tu na sikutaka kubaki mmoja.

"Haikuwa moyo," nikasema. "Ni joto. Ni haya mabomba, na turubai nililoweka mimi."

Hakushtuka.

"Najua, dada. Alikuwa ananipigia ukiwa job. Alisema humo ndani hakupumuliki."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza! Nilimwambia, mama, si uingie tu kwa nyumba. Akasema ameshaibariki hiyo kitu, hawezi kuikimbia. Alisema ukitoka kazi hata kiatu hutoi, unakimbia kumwangalia kama ameloa, unafurahi kama mtoto." Akaanza kulia. "Nilidhani ukijua nilinyamaza utanichukia. Hata hii safari niliiogopa."

Nitasema kweli: kwanza nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa. Halafu nikamwona mama humo ndani ya turubai, amezidiwa, analisikia gari langu likiingia. Anajipangusa jasho kwa ncha ya leso, anajiweka sawa kitini, anainua uso kwenye maji, ili nikifunua nimkute anafurahi.