Viatu Mlangoni mwa Chumba cha Barafu

Saa sita na dakika arobaini mchana, siku ya Jumanne, mlango wa chumba cha barafu ulifungwa nami nikiwa ndani, na aibu yenyewe ni kwamba aliyetunga kanuni za usalama za chumba kile ni mimi.

Mimi ni katibu wa ushirika wetu wa samaki hapa Msambweni. Mitambo sikuisomea, nimejifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kumsumbua kila fundi anayekuja. Nina daftari la hatari, na kila hatari nimeipa alama yake. Mkono wa kufungulia mlango kwa ndani ulipovunjika niliandika "ndogo, utasubiri," kwa kuwa msimamizi wetu, Bi Mwanasha, habanduki pale. Lakini lile rundo la ndara mlangoni (kila anayeingia huvua zake na kuvaa mabuti ya mpira) nililiandikia "kubwa": mtu atajikwaa. Nikabandika tangazo, viatu vyote viwekwe rafuni, ofisini.

Akina mama wauza samaki walilisoma, wakasema inshallah, wakaendelea kuvua pale pale. Aliyetii ni mimi peke yangu.

Basi nikaweka ndara zangu rafuni, nikaingia kuhesabu kreti za nyuma kabisa, na Bi Mwanasha alipotaka kwenda kuswali akatazama chini, hakuona viatu, akafunga. Niligonga, nikaita, mashine inanguruma, hakuna anayesikia, na shati langu la mikono mifupi. Vidole vilipoanza kufa ganzi nilijua hapa mtu anaweza kufa kweli. Ndipo nikakumbuka kipima joto kinachoning'inia kwa waya ukutani: chumba kikipata joto, king'ora hulia nje. Nikakivuta, nikakibana kwapani.

King'ora kikalia. Mlango ulipofunguliwa walisimama akina mama saba wakinitazama, shati nimelipandisha hadi kifuani, waya umeingia kwapani, meno yanagongana.

"Shikamoo, katibu," akasema mdogo wao. "Homa imefika ngapi?"

Bi Mwanasha hakucheka. Alinifunika leso aliyojitanda, akauliza, "Viatu vyako viko wapi?"

"Rafuni."

"Mimi huvitazama hivyo kabla sijafunga. Viatu vipo, mtu yumo. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, katibu. Ulibandika karatasi."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu kinga za mitambo, na sijakutana na kinga nzuri kuliko ile: haitumii umeme, haiharibiki, na huwezi kuisahau kwa sababu bila kuvua huvai mabuti. Yule mama aliibuni peke yake, akaitunza kimya kimya, nami nikaiona takataka.

Tangazo nililing'oa mwenyewe, mbele yao. Siondoi tena kitu mahali pake kabla ya kumuuliza anayekitumia. Na ule mkono wa mlango ulitengenezwa jioni ile ile, nikajua hatimaye ni kiasi gani nilichouokolea ushirika kwa kuuacha usubiri: shilingi mia nane na hamsini.