Mtamba Aliyelipwa kwa Wezi

"Mama Goreth, hivi mtu akimlipa mwizi ili arudishiwe mali yake mwenyewe, na yeye ni mwizi?"

Jirani yangu Hilaria aliniuliza hivyo mwaka 1996, mwezi wa kumi na mbili, tukipepeta mpunga uani kwake hapa Majimoto. Niliendelea kupepeta. Nilijua anamsema nani. Siku zile kijiji kizima kilikuwa kinamsema mtu huyo mmoja, na ilikuwa marufuku kumsemesha mwenyewe.

Mtu huyo ni Malale. Alikuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wake na mkewe Dorotea, wakajenga ng'ambo ya shamba letu. Ni mpole, hanywi pombe, na ana mwandiko mzuri, kwa hiyo sungusungu walimfanya katibu. Sheria zote za ulinzi wa kijiji zilikaa kwenye daftari lake.

Sheria ya saba aliitunga yeye mwenyewe. Wakati huo wezi walikuwa wamepata ujanja mpya. Walikuwa hawauzi tena ng'ombe. Wanawaficha porini, halafu wanatuma mtu kudai kikomboleo. Ukilipa, wanakurudishia, na mwezi unaofuata wako kwa jirani yako. Malale akasimama mkutanoni akasema, "Anayemlipa mwizi anamnunulia viatu vya kumfuata mwenzake." Watu wakacheka, wakakubali. Ikaandikwa: atakayelipa atatengwa siku sitini. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji na wenzake, yeye na nyumba yake. Anayemsemesha anatengwa naye.

Basi mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, maksai wake wanne wakaibwa. Yowe likapigwa, vijana wakafuata nyayo siku tatu, mvua ikazifuta, wakarudi miguu imevimba. Malale akaenda polisi. Askari akaandika maelezo, akamwambia gari halina mafuta.

"Na wakitaka niwalipe?" Malale akauliza.

"Mzee, ukilipa ukanyamaza, umeficha kosa. Nakukamata wewe."

"Na mwizi?"

"Mwizi namkamata nikimpata."

Haikupita wiki. Siku ya gulio mtu asiyemjua akachuchumaa karibu naye, akanunua tumbaku, akasema taratibu, "Maksai wako hawajambo, baba. Wanauliza tu kama yule mtamba wako wa paji jeupe anaweza kuja kubadilishana nao." Akaitaja njia, akaondoka.

Malale hakwenda. Alikwenda kwanza kwa Lyamba, mkuu wa sungusungu, kuomba maksai wa kuazima, wawili tu, alime kabla mvua haijamwacha. Lyamba akasema, "Ngoja nimalize kwangu." Akazunguka nyumba sita. Kila mahali aliambiwa hivyohivyo, kwa adabu, na uji akapewa. Huwezi kuwalaumu, mvua haimsubiri mtu. Hata sisi tulimwambia angoje.

Dorotea akashika jembe la mkono. Shamba lao ni ekari sita, na yeye nyonga imemsumbua tangu uzazi wa mwisho. Nilimwona kila asubuhi nikienda bondeni. Analima hatua tatu, anasimama, anashika kiuno, anainama tena. Siku nne, kona moja. Malale aliniambia baadaye, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, wizi haukunichosha. Kilichonichosha ni kumwangalia yule."

Alhamisi moja mchana maksai wanne wakaonekana zizini kwake.

"Wamekata kamba wenyewe," Malale akasema.

Tulikaribia kumwamini, maana hatukuwahi kumsikia akidanganya. Lakini wafugaji hawa wanamjua kila ng'ombe wa jirani kwa rangi na pembe kama unavyojua sura za watoto wa jumuiya. Malale alifikiri watu watawatazama waliorudi. Wao walimtafuta asiyekuwepo. Kabla ya jioni Marsela, mke wa Lyamba, alikuwa mlangoni kwao.

"Baba, mbona simwoni yule wa paji jeupe?"

Dorotea akatazama chini. Ikaishia hapo.

Mkutanoni Malale alileta daftari mwenyewe, akasoma sheria ya saba kwa sauti ileile ya siku zote, akakaa. Katekista wetu Methusela akasema, "Ndugu zangu, mwizi hatumpati, sasa tunamfunga aliyeibiwa kwa sababu ndiye tunayemwona." Lyamba akajibu, "Nikimwachia katibu, kesho nitamwambia nini mwingine? Alituambia habari za viatu. Leo amemnunulia mwizi na soksi." Watu wakacheka. Nilisikiliza wote wawili, na Mungu anisamehe, niliona kila mmoja ana haki yake. Nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba kuni.

Wakatengwa. Dorotea akawa anakaa mbali na kisima, ndoo tupu mapajani, mpaka sisi wote tuondoke. Jumamosi jumuiya yetu, inayosali nyumba kwa nyumba, iliruka nyumba yao, na mimi ndiye kiongozi wa jumuiya. Tulisali Baba Yetu nyumba ya pili, na sauti yao tuliisikia, wanasali peke yao.

Siku ya thelathini na tatu ikajulikana kwamba Yotham wa upande wa gulio naye ameibiwa maksai. Alinyamaza wiki nzima. Hakupiga yowe, hakwenda polisi, hakumwambia hata mkewe, alikuwa anatafuta mtamba wa kulipa. Lyamba alipomuuliza kwa nini amejificha, akasema, "Nilimwona Malale alivyofanywa."

Sasa wezi walikuwa bado karibu, na mtu mmoja tu ndiye aliyeiona sura ya mjumbe wao na kuijua njia. Huyo mtu hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Ikabidi mkutano uitwe ili apewe ruhusa ya kusema.

Malale alisimama akaeleza yote: mtu wa gulio ana kovu chini ya sikio, njia ni ile ya mkondo mkavu, mtamba alimfunga kwenye mninga uliovunjika. Vijana wakaondoka palepale. Lyamba akasema, "Katibu, umetusaidia. Unaomba tukupunguzie siku?"

Malale akatikisa kichwa. Alikuwa amekonda, koti limemlegea mabegani.

"Siku zangu nitazimaliza," akasema. "Ninaloomba, chini ya ile sheria ya saba muandike hivi: mtu akiibiwa maksai, kesho yake asubuhi nyie mumwazime wengine wa kulimia, hata wawili, kabla hamjamaliza kwenu. Na Dorotea mumsalimie. Yeye hakulipa."