Siku Cheni Ilipokatika

Harufu ya grisi ya baiskeli hunirudisha kwenye barabara ya vumbi ya kuingia Mutomo. Dada yangu alikuwa akiiwakilisha timu ya soko letu kwenye mashindano ya baiskeli, cheni ikakatika mlimani. Aliibeba baiskeli begani akakimbia, grisi ikimtiririka shingoni. Nilimfuata nikilia na kijerikeni cha maji, nikitaka kumsaidia kubeba.

“Usiiguse! Waamuzi watanitoa mashindanoni,” alisema, midomo imepasuka.

Lori la kuokota waliochoka likasimama. “Panda, mwanangu. Wenzako walishamaliza,” dereva alimsihi.

Dada hakusimama. Tulipofika sokoni, watu walikuwa wameondoka na kocha wake alikuwa akikunja utepe wa mstari wa kumalizia.

“Mwalimu, nimekuwa nambari ngapi?” dada alimuuliza.

“Ya mwisho,” kocha alisema, akiendelea kukunja bila kumtazama.