Video ya Binti Yangu Akianguka

Nesi wa hospitali kule Mpanda alinipigia simu, binti yangu akiwa ameshakaa miezi mitano kwenye foleni ya kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Bingwa huja mara chache, wagonjwa wengi. "Mama, tunataka kupunguza foleni. Akianguka tena, mrekodi video, utuletee. Bingwa ataiangalia hukohuko aliko, wenye hali mbaya watangulizwe."

Thubutu! Mtoto wa kike wa miaka kumi na tano, povu mdomoni, sketi imepanda, nimrekodi? Kesho niikute kwenye magrupu ya kijiji chetu kizima cha Kasansa? Nikamjibu "sawa", ile ya kumfukuza mtu.

Halafu simu ya tachi pale nyumbani ilikuwa moja, ya mke mwenzangu. Nisifiche, ndiye niliyekuwa namshuku. Kifafa kilianza mwaka uleule alioolewa. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Chakula chake mwanangu hakukigusa. Nilipika mwenyewe, nikafunika mwenyewe. Alipojitolea simu yake, nikajiuliza: huyu anataka nini na picha ya mwanangu?

Lakini wiki ile binti alianguka mara mbili, ya pili nusura aingie motoni. Woga ukanishinda. Nikaomba simu, mke mwenzangu akanionyesha pa kubonyeza.

Alianguka tena asubuhi moja, tunapukuchua mahindi na majirani. Nikarekodi mpaka akatulia.

Nilipoifikisha Mpanda, daktari wa zamu akaifungua tuitazame kabla ya kuituma. Akasema mkono wa kushoto ndio ulioanza kukakamaa, bingwa atataka kulijua hilo. Mimi wala sikuangalia mkono. Niliangalia ua wangu ukibaki mtupu. Majirani walikimbia, maana kwetu wanasema povu la kifafa linaambukiza. Aliyebaki chini kwenye mahindi ni mke mwenzangu peke yake. Kamlaza mtoto ubavu, kamvuta sketi ifunike magoti, anamfuta povu kwa khanga yake. Na video yenyewe ilichukuliwa kwa mbali, kutoka mlangoni. Aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka.

Mchana jibu la bingwa likarudi: safari hii akija, binti yangu awe wa kwanza.

"Aje na mama yake," daktari akasema. "Si ndiye huyu aliyemshika?"

"Ndiye," nikasema. "Mimi nilishika simu tu."