Baba Alipomrudishia Padiri Ufunguo

Baba yangu alikuwa katekista kule Musienene tangu kabla sijazaliwa. Siku za juma alilima maharagi na viazi; Jumapili, padiri asipofika, aliongoza sala yeye mwenyewe katika kanisa letu dogo. Katekisimu yote aliijua kwa kichwa. Sisi watoto wake tulimwogopa kidogo kwa sababu hiyo, maana nyumbani kwetu hakukuwa na swali lisilo na jibu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mfanyabiashara. Alinunua maharagi kwetu siku za soko, akayapakia Butembo kwenye lori la mzee mmoja Mwislamu wa Beni, na mara nyingine akafika nayo hadi Mbau. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu. Waasi walikuwa wameshika miji yetu, na porini kulikuwa na makundi ambayo hata majina yake tuliyachanganya. Mama hakuipenda safari ya Mbau. Baba akasema, "Acha aende. Mungu anachunga batu bake."

Siku ya nne baada ya kaka kuondoka, mwenye lori alikuja kwetu. Hakuwahi kufika nyumbani kabla ya siku ile. Alipanda kilima kwa miguu, kanzu yake imejaa matope, na mama alipomwona anakuja peke yake, aliweka chini ungo wa maharagi, akaketi palepale kwenye udongo.

"Mwalimu," mzee alimwambia baba, "balitusimamisha mbele kidogo ya Mbau. Balitushusha siye bote. Balichagua benye nguvu, bababebeshe bintu, bakaingia nabo mu pori. Kijana yako alikuwa mu bale. Miye balinisukuma, balisema niko muzee. Nilingoja Mbau siku mbili."

"Hapana mwenye alirudia?" baba aliuliza.

"Babili tu. Hapana mwenye alimuona anakufa. Hapana pia mwenye alimuona muzima. Mwenyezi Mungu anajua kwenye iko."

Baba akasema, "Kama anajua, sababu ya nini ananyamaza?"

Nilishtuka. Nilidhani mzee atamkemea. Lakini alivua viatu, akaketi mkekani karibu naye, wakakaa hivyo wawili mpaka jua likashuka nyuma ya mikaratusi.

Watu wa shirika letu, majirani tuliosali pamoja, walikuja kukaa nasi katika kilio ambacho hakikuwa na maiti. Walisema yale watu wanayosema. Mama mmoja, mzuri wa moyo, alimshika baba mkono: "Ni mapenzi ya Mungu, mwalimu. Weye mwenyewe ulitufundisha." Baba aliondoa mkono wake polepole, akatoka nje.

Padiri alipofika mwezi uliofuata, baba alinibebesha daftari la wanaojiandaa kwa ubatizo, tukamfuata nyuma ya kanisa baada ya misa. Baba akamnyooshea ufunguo wa mlango.

"Padiri, utafute mutu mwingine. Miye siamini tena."

Padiri hakuupokea. "Na kuomba, uliacha pia?"

"Kila siku niko namuomba. Namuuliza mutoto yangu iko wapi. Hapana kujibu."

"Donc, basi munaongea."

"Naongea naye na hasira, padiri."

Padiri alitazama chini. Akasema kwamba mwaka ule alikuwa amezika watu wengi mno, na kuna asubuhi alisoma misa kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mwingine. Kisha akachukua daftari mikononi mwangu, lakini kiganja cha baba akakifumba juu ya ufunguo. "Kufundisha, upumuzike. Kufungua mulango, uendelee. Batu banapaswa kuingia."

Karibu mwaka mzima baba alifungua mlango, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho, mdomo umefungwa hata wakati wa nyimbo. Wengine walinung'unika. Kwa nini ufunguo ukae kwa mtu wa namna hiyo?

Halafu akaja mama mmoja aliyekimbia kutoka Kalunguta. Wanawe wawili walikufa kwa homa walipokuwa wamejificha msituni. Baada ya misa alikwenda moja kwa moja hadi benchi la baba.

"Mwalimu, banasema ni zambi kumuuliza Mungu. Ni kweli?"

"Kama ni zambi, basi tuko nayo babili."

"Na weye, ulipata jibu?"

"Bado, mama."

Yule mama alilia, na baba akalia pamoja naye. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata siku ile mzee alipotuletea habari. Tangu hapo wengine walianza kuketi kule nyuma, mmoja mmoja. Hakuna aliyemfundisha mwenzake kitu. Walitajiana majina ya watoto waliowapoteza.

Baadaye padiri alimwomba arudi kufundisha, akakubali, lakini hakuwa tena mwalimu tuliyemjua. Mtoto akimaliza kutoa jibu la katekisimu, baba alimwuliza, "Na weye, unawaza nini?" Na mtoto akimwuliza neno gumu, alisema hajui, bila haya. Wazazi wawili watatu waliwatoa watoto wao.

Iliposemwa kwamba vita imekwisha, alikwenda Beni kuwatazama waliokuwa wanatoka porini. Yule mzee mwenye lori alimlaza kwake. Alikwenda mara tatu. Aliporudi mara ya tatu alimwambia mama kwamba sasa inatosha, waombe misa ya marehemu. Mama alikataa katakata. Kumwombea kama marehemu, alisema, ni kumwua kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi kila mwaka nyumba yetu ilipeleka maombi mawili kwa padiri. Baba aliandika jina la kaka kati ya marehemu, mama aliliandika kati ya wasafiri. Padiri alisoma yote mawili katika misa ileile bila kusita, na wazazi wangu, wameketi bega kwa bega, waliitikia wote mara zote mbili.

Mama alifariki akiwa bado anamngoja. Tulipotoka makaburini, baba aliniuliza kwa sauti ndogo kama nadhani sasa mama na kaka wamekwisha kuonana. Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikamwambia, "Sijui, tata." Akatikisa kichwa kukubali, akanishika mkono, tukaenda.